Viti Vitupu vya Boti ya Katunguru

Boti ilikuwa na nafasi ya watu thelathini, na asubuhi ile ilibeba abiria watatu.

Sajenti Kobusingye wa upelelezi, kituo cha Kasese, alinawa mikono kwa maji ya klorini kwenye ndoo yenye bomba iliyowekwa gatini, akamwinamishia mlinzi paji la uso apimwe joto, kisha akapanda. Nyuma yake alikuja Konstebo Opio, ambaye hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini na alikuwa akilificha hilo kwa kukunja uso. Wa mwisho alikuwa Ronah, mwalimu wa shule ya msingi mjini Kasese, shahidi. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Mwaka ule wa 2019, tangu Ebola ivuke mpaka kutoka Kongo, watu wa Kasese waliamkiana kwa kupunga wakiwa mbali, kama watu waliogombana jana yake.

Watalii walikuwa wamekauka. Boti iliyozoea kujaa vichwa, kofia na kamera sasa ilikwenda mfereji wa Kazinga na kurudi ikiwa na watu wa kuhesabika, na makoti ya kuokolea yalining'inia safu nzima juu ya mabenchi matupu, yakitikisika pamoja kila injini ilipokohoa.

"Afande, wewe kaa huku kushoto," alisema Isa, nahodha, bila kumtazama usoni. "Wewe afande na mwalimu, kulia." Kisha akaukokota mfuko wa mchanga uliokuwa karibu na usukani, mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani, akausukuma hadi chini ya benchi la kushoto, nyuma ya Kobusingye.

"Huyo naye amelipa nauli?" Opio aliuliza.

"Boti ikiwa tupu inalala upande, afande. Paa yake iko juu, na upepo ya ziwa inaishika. Watu wakiwa hawako sawasawa, huyu ndiye anakaa fasi ya mutu."

Kobusingye alilisikia jibu hilo na kulipita. Kichwani mwake mlikuwa na mwanamke mmoja tu.

Mwanamke huyo aliitwa Marlène, mchuuzi wa vitenge kutoka Beni. Aliingia Uganda pamoja na mumewe, Hilaire, baada ya kumuuguza jirani aliyekufa kwa Ebola. Wote wawili waliwekwa katika kituo cha uangalizi huko Bwera, na siku nne zilizopita Marlène alitoweka. Daktari wa timu ya afya alimweleza Kobusingye jambo hilo polepole, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza. Alipoondoka hakuwa mgonjwa, na asiye na dalili haambukizi. Lakini anaweza kuanza kuugua siku yoyote. Akipatikana mapema atatibiwa, na kuna matumaini mazuri ya kupona. Akifichwa ndani ya nyumba ya watu wanaompenda, watamshika, watamwosha, watamlalia kifuani, na hao wanaompenda ndio watakaokufa naye.

Huko Bwera, Hilaire alikuwa amefungiwa katika chumba cha polisi. Wafanyabiashara wa soko walikuwa wamekusanyika nje, wakisema Mkongo huyo amemficha mkewe makusudi na kwamba Wakongo wote waondolewe sokoni. Mkuu wa kituo alikuwa ameamua kumrudisha ng'ambo ya mpaka kesho yake, aondokane na kelele. Kobusingye alimhoji Hilaire usiku wa kuamkia siku ile, kila mmoja akiwa upande wake wa dirisha.

"Mie sijue fasi aliko, madame," Hilaire alikuwa amesema. "Ningejua ningesema, juu ni bibi yangu. Bananisingizia bure."

Ndugu za Marlène? Wote wamebaki Butembo, alijibu. Isipokuwa dada mmoja aliyeolewa zamani na mwanamume wa upande huu. Familia ilimkataa kwa sababu mume hakuwa Mkatoliki, na tangu hapo jina lake halitajwi mezani. Anaishi wapi? Hilaire hakujua. Yeye alioa baada ya ugomvi huo.

Kizuizi cha barabarani kilikuwa kwenye njia panda ya Kikorongo, na kila gari lililotoka Bwera lilisimamishwa na abiria kupimwa. Marlène hakupita pale. Lakini mvuvi mmoja alikiri kwamba alimchukua mwanamke mwenye kitenge cha buluu kutoka mwalo ulio karibu na mpaka, akampitisha ziwani na kumwacha katika kijiji cha wavuvi kilichopo mfereji unapoingia Ziwa Edward. Kijijini walimwona akifika. Hakuna aliyemwona akiondoka kwa barabara, na walinzi wa hifadhi waliapa kwamba hakupita langoni. Siku ile chombo pekee kikubwa kilichopita mbele ya kijiji kilikuwa boti ya watalii.

Ndiyo maana Kobusingye aliomba safari irudiwe. Nahodha yuleyule, mwongozaji yuleyule, saa ileile, njia ileile. Wazungu wawili waliokuwemo walikuwa wamesharudi kwao. Kati ya walimu watano waliozawadiwa safari na shule, Ronah ndiye aliyekubali kuja.

Injini ilinguruma, daraja la Katunguru likabaki nyuma.

Mwongozaji, msichana aliyeitwa Docus, alisimama mbele na kipaza sauti mkononi. Hakukihitaji kwa watu watatu, lakini alikitumia, na sauti yake ilipita juu ya mabenchi matupu ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Alionyesha viboko wamelala kama mawe yaliyopakwa mafuta. Alionyesha nyati, wazee waliofukuzwa kundini, wamezama matopeni hadi mabegani. Baada ya kila mnyama alinyamaza kidogo, mahali ambapo kwa kawaida watu hupiga kelele na kuitana. Kimya hicho kilimfanya Opio ajisikie kuwa anadaiwa, akaanza kuitikia, "Sawa. Asante. Tumeona."

Kobusingye alijifunza jambo moja mapema. Ndani ya boti tupu mtu hukaa mbele. Viti vyote ni vyako, lakini unakwenda palepale penye sauti. Na ukishakaa, hutazami nyuma. Nyuma kuna viti tu.

Alimgeukia Ronah, akamwuliza siku ile wao walikaaje.

"Hivihivi, lakini kila mtu benchi lake," alisema Ronah. "Sababu ya ugonjwa. Hata mwalimu mkuu, aliyetaka sana kukaa karibu na mimi, alikaa mbali." Akacheka, kisha akaona sajenti hacheki, akaacha.

"Na nyuma alikaa nani?"

"Nyuma? Nyuma ni kwa watu wa boti."

"Watu wangapi wa boti?"

Ronah aligeuka akaitazama nyuma ya boti. Alisema hakumbuki vizuri. Nahodha, ndiyo. Na labda mama wa soda. Boti hizi huwa na mama wa soda.

"Hii boti haina mama wa soda tangu watalii wapotee," alisema Docus kutoka mbele. Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, na maneno hayo yalienda hadi ukingoni yakawainua ndege.

Opio alisimama, akashika mlingoti wa paa, akaenda mbele huku akiyumba. Katika maelezo ya kwanza Docus alikuwa amesema aliwahesabu abiria walipopanda na walipoteremka. Opio alimtaka arudie. Docus alirudia. Opio alimwambia arudie tena, akimtazama machoni, na aseme alisimama wapi alipokuwa akihesabu, na nani aliteremka wa mwisho.

"Jibu. Usitazame maji. Nitazame mimi."

Docus alikitazama kipaza sauti. Hatimaye alisema kwamba wa kushuka hakuwahesabu. Kuna faida gani kuhesabu watu wachache hivyo? Unawaona tu. Walinzi nao huwapima wanaopanda. Wanaoshuka tayari wamepimwa.

"Kwa hiyo ulidanganya polisi."

"Afande, nina kazi moja tu. Boti nyingine zote zimesimama."

Opio alimtazama Kobusingye kwa macho ya mtu aliyekwisha kumaliza kesi. Kobusingye alimwambia akae. Uwongo wa Docus ulikuwa wa kuogopa kufukuzwa, na ulikuwa umewapa kitu. Anayeshuka hapimwi wala hahesabiwi. Na gari linalotoka Katunguru kwenda Kasese hupita njia panda ya Kikorongo likitokea kusini, ambako askari wa kizuizi hawana shida nako. Mtu aliyeshuka kwenye boti hii angepita nyuma ya mgongo wa serikali nzima.

Nyuma, simu ya Isa iliita. Aliipokea kwa sauti ya chini, mkono mmoja kwenye usukani. "Weka ku mulango," Kobusingye alimsikia akisema. "Ku mulango tu. Usiingie." Kisha akakata.

Mzigo wa duka, Kobusingye alifikiri, akageuza macho.

Tembo walikuwa upande wa kulia, mama na mtoto, wakishuka kunywa. Kobusingye alijikuta amesimama, amevuka njia ya katikati, yupo karibu na Ronah ameshika ukingo. Boti iliinama taratibu kulia. Makoti ya kuokolea yote yakaning'inia upande mmoja.

"Afande, rudi kwako," Isa aliita, si kwa hasira. "Ama huyu mwingine avute mufuko mpaka ukingo ya kushoto."

"Nilikula kiapo kulinda raia," alisema Opio akiinama kuukokota, "si kubeba mchanga." Lakini aliukokota, maana boti ilikuwa imemtia hofu. Alipoufikisha ukingoni, Kobusingye alikuwa amesharudi benchini, na Isa akamwambia aurudishe ulikotoka. Opio alisema neno moja kwa lugha ya kwao ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Walipokaribia kijiji cha wavuvi, kilichokuwa ukingo wa kushoto, Isa alipita mbali, karibu na upande wa pili. Nyumba za mabati zilionekana ndogo, na mitumbwi imepangwa mchangani.

"Siku ile hatukupita huku," alisema Ronah.

"Ni njia ileile," alisema Isa.

"Siku ile nilisikia harufu ya samaki wa kukaanga. Nikatamani. Nilimwambia mwalimu mkuu."

Kobusingye alimwuliza Docus. Docus alifikiri, akasema ni kweli walikaribia, kwa sababu majani ya majini yalinasa kwenye pangaboi, na Isa akazima injini ayatoe. Yeye aliwatuliza wageni kwa kuwaonyesha tai-mvuvi juu ya mti, upande wa kulia. Wote walitazama kulia. Tai alikuwa mzuri, ana samaki mguuni, na hata wale wazungu walisimama.

"Na Isa alikuwa wapi?"

"Nyuma. Kwa pangaboi."

"Upande gani?"

 Docus alionyesha kushoto kwa kidole, kidogo sana.

Isa alikuwa akitazama maji mbele yake. Alisema majani hunasa kila siku, mutu yeyote wa mfereji anajua hilo. Alisema hakuna aliyepanda. Boti ilikwenda na watu saba, ikarudi na watu saba.

Watu saba. Kobusingye aligeuka akautazama mfuko wa mchanga chini ya benchi.

"Mwalimu, una picha za siku ile?"

Ronah alikuwa nazo nyingi. Kobusingye alimwomba asimpe simu, azipitishe mwenyewe huku yeye akitazama kutoka benchi la pili. Viboko. Viboko tena. Mwalimu mkuu akitabasamu peke yake. Picha moja ilipigwa kuelekea nyuma wakati wa kwenda, watu wamekaa mbalimbali, kushoto watatu, kulia wanne ukimhesabu Ronah mwenyewe, na chini ya benchi la kushoto ulionekana mfuko, kamba yake ya katani ikining'inia. Kisha picha ya kurudi, iliyopigwa kuelekea mbele, daraja la Katunguru likionekana kwa mbali na Docus amenyoosha mkono. Mbele ya miguu ya Docus, katikati kabisa ya boti, karibu na nanga, ulikuwa umewekwa mfuko uleule.

"Docus, wakati wa kurudi abiria walibadilisha viti?"

"Hapana. Kila mtu alikaa kwake."

"Mfuko uliusogeza wewe?"

"Mimi siwezi kuuinua, afande. Ni wa Isa."

Kobusingye alisimama. Hakwenda kulia wala kushoto. Alipita katikati hadi kwenye usukani, akasimama umbali wa benchi moja kutoka kwa nahodha.

"Wakati wa kwenda, kushoto walikuwa watatu na mfuko. Kulia wanne," alisema. "Wakati wa kurudi uliuondoa kushoto ukauweka katikati, na boti haikulala upande. Isa, nani alikaa fasi ya mfuko?"

Isa alipunguza injini. Boti iliendelea kidogo kwa nguvu zake yenyewe, kisha ikabaki ikielea. Mahali palikuwa kimya hata kupumua kwa kiboko kulisikika.

"Mufuko ni mufuko tu, afande. Unaweza kukaa popote."

"Leo umeusogeza mwenyewe, kisha ukamwagiza konstebo ausogeze, bila kuambiwa."

 Opio alianza kuja, mkono kwenye pingu, lakini Kobusingye alimzuia kwa kiganja. Alimwuliza Docus nahodha huyu anaishi wapi. Ibanda, Docus alisema, kwenye barabara ya kwenda mlimani. Hurudi kwake kila jioni kwa pikipiki. Ila siku hizi. Siku hizi analala humu humu kwenye boti, amejifunika turubai. Anasema pikipiki imeharibika, lakini pikipiki ndiyo ile pale gatini, na jana aliiwasha kwenda kununua chapati.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya safari ya walimu."

Hapo Kobusingye alikumbuka sauti ya chini kwenye simu. Weka mlangoni. Usiingie. Hakuna duka duniani linalopelekewa mzigo namna hiyo. Na akakumbuka jinsi alivyolitamka neno mulango, kama wanavyolitamka watu wa ng'ambo, namna mwanamume anavyozoea kusema na mkewe baada ya miaka mingi ndani ya nyumba moja.

"Mke wako ni mtu wa Butembo," alisema. "Na Marlène ni mdogo wake."

Isa alikaa chini, kwenye kiti chake cha mbao, mikono yote miwili bado imeshika usukani wa boti isiyokwenda.

Alisimulia kwa sauti moja, bila kuinua kichwa. Marlène alikuwa amempigia dada yake simu kutoka kijijini, akilia. Miaka yote ile dada hao hawakuwa wamesemezana, kwa ajili yake yeye, Isa, Mwislamu. Sasa mmoja anamwita mwenzake. Marlène alikuwa ameambiwa kwamba kule Bwera watu wanaingia kwenye hema na hawatoki. Isa alijua si kweli, alishawaona waliotoka. Lakini mkewe alipiga magoti jikoni. Akamchukua. Alimpa koti la kuokolea, akamketisha nyuma kushoto, akasogeza mfuko. Hakuna aliyegeuka. Gatini alimpandisha gari la Kasese, aende kwa dada yake. Tangu usiku ule hakurudi kwake. Alisikia redioni namna ugonjwa unavyoenea, akaogopa, akamwagiza mkewe amweke dada yake katika nyumba ya jikoni, peke yake, chakula mlangoni, watoto wasikaribie.

"Kama ulijua hivyo, kwa nini hukutupigia?" aliuliza Opio. Safari hii hakuuliza kwa ukali.

"Mukija na magari yenu na ving'ora, afande, jirani watachoma nyumba. Beko watoto watatu ndani. Wataitwa watoto wa Ebola mpaka wazeeke."

Kobusingye alikuwa na njia mbili. Angeweza kumtia pingu na kupiga simu makao makuu, na kabla ya adhuhuri gari lenye king'ora lingekuwa Ibanda, na nyuma yake kijiji kizima. Alitoa simu, akampigia daktari wa timu ya afya. Aliomba gari la wagonjwa lisilo na king'ora, wahudumu wavae mavazi yao ndani ya ua, si barabarani. Alimsikiliza daktari akilalamika, akamwacha amalize, akarudia maneno yaleyale. Daktari alikubali.

"Sasa mpigie mke wako," alimwambia Isa. "Weka sauti, nisikie."

Simu iliita kwa muda mrefu. Mwanamke aliyepokea alikuwa na pumzi fupi.

"Marie-Louise. Dada iko namna gani?"

"Iko na moto tangu asubui," sauti ilisema. "Nilikuambia saa ile, ukakata. Chakula iko palepale ku mulango. Hakule. Isa, anatetemeka. Niingie nimufunike?"

Isa alimtazama Kobusingye.  Kobusingye aliinama kuelekea simu.

"Mama, mimi ni Sajenti Kobusingye. Usiingie. Naomba sana usiingie. Umemgusa tangu apate homa hiyo?"

"Hapana. Isa alinikataza. Naimba tu huku inje, anisikie."

"Endelea kuimba. Madaktari wako njiani, hawatapiga king'ora. Simama mlangoni umwambie kwamba Hilaire yuko hai, na atazungumza naye leo kwa simu. Mwambie amepatikana mapema."

 Kisha walimsikia Marie-Louise akiyarudia hayo kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, na kutoka mbali zaidi, nyuma ya ubao au ukuta, sauti nyembamba ikiuliza kitu. Isa ndiye aliyetafsiri.

"Anauliza kama dada yake bado amemukasirikia."

Hakuna aliyesikia jibu, maana Marie-Louise alikuwa ameiweka simu chini.

Kobusingye alipiga simu ya mwisho, Bwera. Alimwambia mkuu wa kituo kwamba mwanamke amepatikana, mumewe hakujua lolote, asivushwe mpaka, si kesho wala siku nyingine. Arudishwe kwenye uangalizi na apewe simu. Mkuu wa kituo alitaka kujua nani aliyemficha. Kobusingye alisema ripoti ataileta mwenyewe, imekamilika, na nahodha atakuwa naye, akakata.

"Tugeuze," alisema.

Isa aliwasha injini. Docus, ambaye kazi yake ya kuongoza ilikuwa imekwisha, alizima kipaza sauti, akatoka mbele na kwenda kukaa benchi la kushoto, pembeni ya kile kiti cha nyuma alichokalia Marlène. Kobusingye akaketi mbele yake. Boti ilianza kulala kushoto.

Opio alisimama bila kuambiwa. Aliinama, akauvuta mfuko kutoka chini ya benchi, akaukokota kwa mikono miwili hadi katikati, karibu na nanga, akaupigapiga kidogo ukae. Boti ikanyooka. Isa akasukuma injini hadi mwisho, na viti vitupu vyote vikaanza kutetemeka kuelekea Katunguru.